Barabara ya Belgrave na Tangazo la 1972

Aghalabu msafiri ashukaye kwa gari moshi mjini Leicester, katikati ya Uingereza, huongozwa moja kwa moja hadi kanisa kuu, akaoneshwe kaburi la mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485, na ambaye mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2012 chini ya uwanja wa kuegesha magari, ikazikwa upya kwa taadhima kubwa mwaka 2015. Ni kisa cha ajabu, sikatai. Lakini lau ningekuwa mimi mwenyeji wa mji ule, ningemwacha mfalme alale, mgeni nikampeleka barabara ya Belgrave.

Huko maduka ya sari na ya masonara yamefuatana pande zote mbili, na katika mitaa ya kando zimepangwa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana kuta, milango yake ikifungukia njiani pasipo ua wala baraza, walizojengewa zamani wafanyakazi wa viwanda vya soksi na viatu. Mkahawani utaletewa muhogo wa kukaanga uliotiwa chumvi, pilipili na ndimu, na huenda mzee wa meza ya pili, Mgujarati mzaliwa wa Jinja au Kisumu, akakuuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili; kwani wengi wa watu wa mtaa ule asili yao ni Afrika ya Mashariki, na wale wa Uganda walifika baada ya Idi Amin, Agosti 1972, kuwapa Waasia siku 90 tu za kuihama nchi.

Leo halmashauri ya mji huionea fakhari Belgrave, hasa zinapowashwa taa za Diwali, wala si vibaya. Ila Septemba ya mwaka ule ule halmashauri hiyo ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus, ikatangaza kwamba nyumba, shule na huduma za afya zimeelemewa, na kwamba kwa maslahi yao wenyewe watu wale wasije Leicester. Walikuja kwa maelfu. Yasemwa hata wapo ambao jina la mji huo walilijua kwa tangazo lenyewe. Wala mapokezi hayakuwa laini: mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters waligoma wakidai haki sawa na wenzao wazungu, na chama chao hakikuwaunga mkono.

Mgeni aelezwaye manukato na mapambo pasipo haya hudhani mtaa ule ulikuwa tunu ya ukarimu wa wenyeji, ilhali ulijengwa na watu waliokwisha kuambiwa wasije. Ningependa nakala ya tangazo lile ibandikwe mwanzoni mwa barabara, kwa Kiingereza, Kigujarati na Kiswahili, na gharama yake ilipwe na halmashauri, kama ilivyolipa mara ya kwanza.