Bwana Shamba Asema: Mwizi wa Ng'ombe Afike Kituoni Akiwa Hai

Mwezi huu sitasema habari za mbegu wala mbolea. Nitasema habari za ulinzi wa kijiji. Huenda utauliza: bwana shamba na mambo ya polisi, wapi na wapi? Jibu langu ni hili. Ng'ombe akiibwa, shamba halilimwi. Jozi moja ya maksai hulima ekari moja kwa siku moja au mbili. Kwa jembe la mkono, ekari hiyo hiyo huchukua wiki nzima au zaidi. Maksai wakiibwa wakati wa mvua za kwanza, mwenye nyumba hulima kidogo. Akilima kidogo huvuna kidogo. Kwa hiyo ulinzi wa zizi ni kazi ya kilimo pia.

SUNGUSUNGU WALIVYOANZA

Wazee wa Usukuma na Unyamwezi wanakumbuka. Mwaka 1978 na 1979 nchi yetu ilipigana vita na majeshi ya Idi Amin wa Uganda. Baada ya vita, bunduki nyingine ziliangukia mikononi mwa wahalifu. Wizi wa ng'ombe ulizidi. Polisi walikuwa wachache, na vituo vilikuwa mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wa pande za Kahama na Nzega waliamua kujilinda wenyewe. Walichukua pinde, mishale na filimbi. Waliitwa sungusungu, kama wale wadudu weusi wanaokwenda kwa safu na kuuma kwa pamoja. Mahali pengine waliitwa Basalama, maana yake watu wa amani. Mwano ulipopigwa, yaani yowe la hatari, wanaume wote walitoka na kufuata nyayo za ng'ombe.

Kazi hiyo ilileta faida. Ng'ombe wengi walirudishwa, na watu walilala usingizi. Serikali iliona faida hiyo. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria ya mgambo, na sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata wahalifu.

Lakini tuseme kweli yote. Palikuwa na ubaya pia. Mahali pengine watu walipigwa mpaka wakakiri makosa ambayo hawakuyafanya. Bibi vikongwe walisingiziwa uchawi kwa sababu ya macho yao mekundu, wakateswa. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ulinzi usio na sheria huanza na mwizi, kisha humfikia mtu asiye na kosa.

POLISI JAMII NI NINI?

Kuanzia mwaka 2006, Jeshi la Polisi lilieneza mpango wa Polisi Jamii. Maana yake ni rahisi. Polisi hawezi kuwa nyuma ya kila zizi. Anayejua mgeni aliyeingia kijijini jana ni wewe. Anayejua kijana asiye na kazi lakini ana fedha kila mnada ni wewe. Polisi ana sheria, ana karatasi, na ana njia ya kwenda mahakamani. Wewe una macho na masikio. Mkiungana, mwizi hana pa kupita.

Ndiyo maana siku hizi kuna polisi kata. Kazi yake si kukamata tu. Anatakiwa kuja kwenye mkutano wa kijiji, kufika shuleni, kusikiliza wakulima na wafugaji wanaogombana, na kuwafundisha walinzi wa kijiji. Je, unamjua polisi wa kata yako? Je, yeye anakijua kitongoji chako? Kama jibu ni hapana, kazi bado.

MAMBO MAWILI NILIYOYAONA

Nitawaambia jambo ambalo sipendi kulikumbuka. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mgeni kazini, mwano ulipigwa usiku katika kijiji nilichokuwa nikifanya kazi. Mbuzi walikuwa wameibwa. Alfajiri watu walimkuta mtu njiani, mgeni, hawezi kujieleza vizuri. Walimpiga kwa mawe na fimbo. Nilikuwapo. Mimi niliyesoma, mtumishi wa serikali, nilisimama pembeni nikanyamaza. Mtu yule alikufa kabla jua halijapanda.

Baada ya siku tatu ndugu zake walikuja kumtafuta. Alikuwa anakwenda kwenye msiba. Mbuzi walionekana baadaye kwa mtu mwingine kabisa. Vijana wanne wa kijiji walikamatwa kwa mauaji. Mashamba yao mwaka ule yaliota magugu. Mama mmoja wa vijana hao aliniuliza, “Bwana shamba, wewe ulikuwapo. Kwa nini hukuwakataza?” Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Jambo la pili ni la juzijuzi, katika kijiji kingine. Jozi ya maksai iliibwa mwezi wa Novemba, siku ya pili baada ya mvua. Walinzi walifuata nyayo mpaka kijiji cha jirani. Wakamkuta kijana anawaswaga maksai wale wale. Watu wakakusanyika na mawe mikononi. Safari hii sikunyamaza. Lakini aliyeokoa mambo si mimi. Ni kamanda wa walinzi, mzee ambaye hakupata kusoma hata darasa moja mpaka alipojiunga na kisomo cha watu wazima. Alisimama mbele ya kijana yule akasema, “Maiti haitaji jina la aliyemtuma.” Watu wakashusha mikono.

Wakampigia simu polisi kata. Mtendaji wa kijiji akaandika majina ya mashahidi. Kijana akapelekwa kituoni akiwa hai. Huko akasema yote. Alilipwa kuwaswaga ng'ombe tu. Waliomtuma walikuwa wawili, mmoja mkazi wa kijiji chetu hicho hicho, mtu anayekaa mbele katika mikutano. Kama kijana yule angeuawa, mwizi mkubwa angekuja msibani na kula ugali wetu.

NJIA YA KUFUATA

Ndugu msomaji, haya ndiyo mambo ya kufanya kijijini kwako:

1. Andika mali yako. Nunua daftari. Andika idadi ya ng'ombe, rangi, pembe na chapa ya kila mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu akisema mahakamani “ng'ombe ni wangu,” hakimu atauliza, “unamjuaje?” Daftari na chapa vitakusaidia kujibu.

2. Usinunue ng'ombe usiku wala porini. Nunua mnadani, na upewe stakabadhi. Anayesafirisha mifugo awe na kibali. Anayenunua cha wizi humlisha mwizi.

3. Pangeni zamu za lindo. Kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji iandike zamu hizo. Majina ya walinzi yajulikane kwa mtendaji na kwa polisi kata. Mlinzi asiyejulikana naye ni hatari.

4. Toa habari mapema. Usingoje mpaka zizi liwe tupu. Ukiona jambo la mashaka, mwambie mwenyekiti wa kitongoji au polisi kata. Simu ya dharura ya polisi ni 112.

5. Mkimkamata mtu, mkabidhini haraka. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake. Lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga, kumfunga siku tatu, wala kumhukumu. Kuua mwizi ni mauaji. Adhabu ya mauaji katika sheria yetu ni kunyongwa.

6. Nenda kutoa ushahidi. Hapa ndipo wengi tunashindwa. Tunapiga kelele siku ya kwanza, lakini siku ya kesi tunakwenda shambani. Kisha mtuhumiwa akiachiwa tunasema, “Polisi wamekula rushwa.” Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi hakimu alikosa shahidi. Katika kesi ya maksai wale, siku ya kwanza shahidi mmoja tu alifika. Kesi ikaahirishwa. Kijiji kikafanya mkutano, kikakubaliana kuwapalilia mashahidi mashamba yao siku wanapokwenda mahakamani. Tangu hapo hakuna aliyekosa. Watu wawili walifungwa.

HAKI ZAKO MBELE YA POLISI

Wapo wanaosema, “Tukimpeleka mwizi, kesho yake yuko nje.” Nawaelewa. Jambo hilo linauma. Lakini jueni kwamba dhamana si msamaha. Mtu aliyepewa dhamana kesi yake bado ipo. Ulizeni kwa mtendaji au kituoni: kesi yetu itatajwa tarehe gani? Iandikeni tarehe hiyo ukutani mwa ofisi ya kijiji.

Jueni pia kwamba dhamana haiuzwi. Kuandikisha shauri kituoni ni bure. Mtu aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 ili apelekwe hospitali. Mwanamke au mtoto aliyetendewa vibaya aulize Dawati la Jinsia na Watoto, mahali ambapo atasikilizwa kwa faragha. Ukiombwa rushwa na polisi, mlinzi, au kiongozi yeyote, piga simu TAKUKURU, namba 113.

Walinzi wa kijiji nao wasitoze faini za kubuni. Faini ya kijiji lazima iwe katika sheria ndogo iliyopita katika ngazi zote, mpaka halmashauri ya wilaya. Ukilipa, dai stakabadhi. Mlinzi anayekula faini mfukoni hana tofauti na mwizi wa zizi.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ni mkutano wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mwanamume kwa mwanamke. Huo ndio mahali pa kumwita polisi kata asimame mbele ya watu, ajibu maswali. Msiogope kumwuliza. Akijibu vizuri, mshukuruni. Asipokuja mara ya kwanza, andikeni barua, mwite tena. Ninyi sasa mnajua kuandika.

MAMBO YA KUZUNGUMZA DARASANI

Someni tena habari hii pamoja, kisha mjadili:

1. Kwa nini kamanda alisema maiti haitaji jina la aliyemtuma?

2. Katika kijiji chenu, nani anayejua namba ya simu ya polisi kata? Imeandikwa wapi?

3. Mashahidi wa kijiji chenu hukosa kwenda mahakamani kwa sababu gani? Kijiji kinaweza kuwasaidiaje?

4. Ungekuwa wewe mahali pangu asubuhi ile ya kwanza, ungesema nini?

Swali la nne nimelijibu mwenyewe, lakini nimechelewa. Ningesema maneno matatu tu: “Tumpeleke kituoni kwanza.” Maneno hayo ni mepesi. Hayahitaji cheti wala cheo. Anayeyasema kwa wakati wake anaweza kuokoa mtu mmoja njiani na vijana wanne nyumbani.

Andika basi katika daftari lako. Ukurasa mmoja uwe wa ng'ombe wako, na ukurasa wa pili uwe wa namba ya polisi kata. Mwezi ujao tutarudi shambani, tuzungumze juu ya kuhifadhi mahindi ghalani.

Ndugu yenu,
Bwana Shamba