Boksi Kufunguliwa Si Hoja

Hili tumelinyamazia mwezi mzima, leo tunalisema.

Tuliagiza laptopu mtandaoni ya kuchorea darizi za nguo za maharusi. Tangazo: mpya kabisa. Ikaja na boti kutoka Dar, ikawa inawaka na kuzima. Fundi akafungua programu inayosoma diski, ikaonesha imeshatumika masaa zaidi ya 9,000. Mpya gani hiyo?

Jawabu la muuzaji: "Dada, boksi likishafunguliwa haturudishi." Sasa diski mbovu tungeionaje boksi halijafunguliwa? Sisi biharusi akikuta mkono mmoja mfupi tunafumua, hatumwambii gauni ameshalivaa.

Fiqhi ina khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro ya tangu kwa muuzaji, naye hakuijua, ana haki ya kurudisha na kupewa pesa zake. Kuandika "haturudishi" chini ya picha hakuihalalishi kasoro uliyoificha.

Nasi wanunuzi haya zimetuzidi, tunaogopa kuitwa wagomvi. Lipigeni picha tangazo kabla halijafutwa, boksi lifungueni huku mnarekodi.

Sisi bado tunadai. Gauni la Ijumaa tunalidarizi kwa mkono.