Uzito Peke Yake Haushiki Mwamba

Muulize mpenzi wa magari ya rimoti ya kupanda miamba afanyeje gari lake likishindwa mlima, na mara nyingi jibu ni moja: liongezee uzito. Atanunua rimu za shaba ya njano, vifuniko vya difu vya shaba hiyohiyo na vipande vya risasi vya kubandika ndani ya magurudumu, mpaka gari lililotoka dukani na kilo tatu lipite nne. Imani yenyewe ni kwamba gari zito hung'ang'ania jiwe na gari jepesi huteleza. Wanaoishikilia wanaupenda mchezo huu kama ninavyoupenda mimi, na hawakuiokota hewani. Hata hivyo si sahihi, na inawagharimu fedha, gia na mota.

Tuwape kwanza haki yao. Mtu akifunga rimu za shaba mbele, gari lililokuwa likikwama kwenye ngazi ya jiwe huipanda. Ameliona hilo kwa macho yake, na mimi silikanushi. Ninachouliza ni hiki: nini hasa kilibadilika pale? Rimu zile zilifanya mambo matatu kwa mpigo. Ziliongeza uzito wa gari zima, zikaushusha chini, zikausogeza mbele. Wengi hulipa sifa lile la kwanza. Sifa ni za yale mawili yaliyobaki.

Kwanza, msuguano. Tangu mwaka 1699, Mfaransa Guillaume Amontons alipowasilisha kanuni zake, inajulikana kwamba nguvu ya msuguano hukua sambamba na uzito unaokandamiza. Hapo ndipo wengi wanapoishia: uzito zaidi, mshiko zaidi. Lakini gari linalopanda mlima linajibeba lenyewe. Ukiuzidisha uzito mara mbili, mshiko unakuwa mara mbili, na ile nguvu inayolivuta kurudi chini nayo inakuwa mara mbili. Pembe ambapo gari litaanza kuteleza inabaki palepale. Tena kwa mpira wa tairi hali ni mbaya kidogo, kwa sababu kadiri unavyoukandamiza, mshiko wake hukua kwa kasi ndogo kuliko mzigo.

Asiyeniamini mimi auamini ubao. Gundisha msasa juu ya ubao mpana, funga magurudumu yote manne yasizunguke, weka gari juu yake na uinue ubao upande mmoja, polepole, mpaka gari lianze kuteleza. Weka alama. Sasa funga gramu 300 sakafuni mwa gari, katikati, urudie. Alama ya pili itaangukia karibu kabisa na ya kwanza.

Pili, mahali uzito ulipo, na hapa hesabu zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Chukua gari la kipimo cha 1/10 kama Axial SCX10 II, ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma lina milimita 313. Tuseme kitovu chake cha uzito kiko milimita 100 kutoka chini, na uzito umegawanyika nusu kwa nusu. Kwenye uwanja tambarare, matairi ya mbele yanabeba asilimia 50. Liweke kwenye mwinuko wa nyuzi 40, na mzigo wa mbele unashuka hadi asilimia 23. Matairi ya mbele yanaparaza tu, ya nyuma yanafanya kazi peke yake, na gari likifika nyuzi 57 linapinduka kinyumenyume.

Sasa sogeza vitu vilivyomo tayari ndani ya gari, betri kwa mfano, mpaka asilimia 60 ya uzito iwe mbele. Kwenye mwinuko uleule wa nyuzi 40, matairi ya mbele yanabeba asilimia 33. Kisha shusha kitovu cha uzito kwa milimita 20, na yanabeba zaidi ya 38. Pembe ya kupinduka imetoka nyuzi 57 hadi karibu 67. Hatujaongeza gramu hata moja.

Jaribu kinyume chake. Gari la kilo tatu lifungie gramu 300 juu ya paa, milimita 230 kutoka chini. Limekuwa zito kwa asilimia kumi, lakini kitovu kimepanda karibu milimita 12, na sasa linapinduka kwenye nyuzi 54 au 55 badala ya 57. Kila aliyewahi kupanda basi lililojazwa magunia kwenye kerea anajua linavyoyumba kwenye kona, na hakuna abiria anayejipa moyo kwamba uzito ule wa juu unalishikiza barabarani. Gramu zilezile zikiwa ndani ya rimu za mbele, kitovu kinashuka milimita nne hivi na sehemu ya uzito iliyo mbele inapanda kutoka asilimia 50 hadi 54 na ushee. Uzito ni uleule na matokeo yamepishana kabisa. Kama kilo zenyewe ndizo zingekuwa na kazi, paa na rimu zingetoa jibu moja.

Niongeze tahadhari, maana kuna wanaokubali hoja hii kisha wakaivuta kupita kiasi. Kusogeza uzito mbele kuna bei wakati wa kushuka. Lile gari la 60 kwa 40, kitovu kikiwa bado milimita 100, litapinduka kifudifudi kwenye nyuzi 51. Kushusha kitovu hakuna bei ya namna hiyo, maana kunasaidia kwenda juu, kurudi chini na kupita ubavuni. Kwa hiyo anza kwa kushusha, ndipo usogeze.

Tatu, mwamba si ubao. Litazame gari likivuka ufa: tairi la mbele la kushoto linaning'inia, la kulia limepanda jiwe. Kinachoamua hapo ni kama lile linaloning'inia litashuka mpaka liguse kitu. Springi ngumu zinaliacha hewani. Springi laini, zinazolala kidogo gari likiwa limesimama, zinaliruhusu kushuka. Shaba iliyofungwa kwenye ekseli inasaidia kulivuta, kwa kuwa iko chini ya springi. Risasi iliyobandikwa kwenye chasisi inazikandamiza springi na kulibebesha zaidi lile tairi ambalo tayari linabeba. Ndiyo maana bodi nyepesi juu ya ekseli nzito hupanda vizuri kuliko gari ambalo ni zito kila mahali.

Nne, tairi lenyewe. Kwenye miamba ya Moab, katika jimbo la Utah, Marekani, wenye Jeep halisi hawapakii mawe ili washike vizuri. Wanapunguza upepo, kutoka paundi 35 hivi hadi 15 au chini yake, tairi lilale na kulikumbatia jiwe. Matairi mengi ya magari yetu hayana upepo wa kupunguza, yana sponji ndani na tundu la kupumulia. Ukweli ni kwamba uzito ukiongezeka sponji hubonyea na tairi hulala zaidi, na hii ndiyo hoja bora ya upande wa pili. Lakini sponji laini zaidi inatoa faida hiyohiyo bila kuibebesha mota, na tairi la mpira mwororo linazidi hapo.

Waangalie pia washindani wa Marekani, wanaopitisha magari kati ya vijiti vya geti na kupata adhabu kwa kila kijiti wanachogusa. Wengi wao hutumia chasisi nyembamba ya nyuzi za kaboni iliyolazwa chini, mota na giaboksi vimesogezwa mbele, bodi nyepesi kadiri sheria zinavyoruhusu. Shaba wanayo, nayo wameiweka chini kabisa, zaidi mbele kuliko nyuma. Wanajua kila gramu ndani ya gurudumu inaichosha sevo ya usukani na kuitesa shafti ya ekseli.

Basi nakuomba, mpenzi mwenzangu, kabla ya kulipia shaba, chukua mizani mbili za jikoni zenye kimo kimoja. Weka magurudumu ya mbele juu ya moja na ya nyuma juu ya nyingine, uandike namba zote mbili. Ishushe betri na uilete mbele, vua mizigo ya mapambo iliyoko juu ya paa, badilisha sponji, kisha pima upya na urudi kwenye jiwe lilelile lililokushinda. Ukiona bado unahitaji shaba, nunua ya ekseli ya mbele tu.