Sayansi Haikatai Kiswahili

Lima, mila na mali ni maneno ya herufi zile zile nne. Mpangilio tu ndio unaoyatofautisha. Mfano huu wamtosha mwanafunzi wa Busibwabo kuelewa waliyoyagundua Jelley wa Uingereza na Scheibe wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, mwaka 1936, kuhusu rangi za kikaboni za jamii ya sayanini. Molekuli zikitawanyika majini, hufyonza mwanga kwa namna moja. Zikisongamana, hujipanga zenyewe: zikifuatana kichwa kwa mkia, hufyonza mwanga wa mawimbi marefu zaidi, zikipandana kama sahani, wa mawimbi mafupi zaidi. Rangi ionwayo na jicho hubadilika, ingawa molekuli ni ile ile.

Wako wadaio kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu kama hii. Mbona basi, msomaji, umenifuata hadi hapa? Sokoni Busia, Mkenya na Mganda hupatana bei kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo imekifanya lugha rasmi. Lakini katika somo la kemia mwanafunzi hukariri fasili za Kiingereza asizozielewa. Walimu hawana budi kuieleza kanuni kwanza kwa Kiswahili, ndipo istilahi za mtihani zifuate. Elimu isiyoeleweka ni mzigo, si mali.