Watasema amekuwa mkubwa

Wengi mmetuuliza habari za Watasema, mbwa wa shamba letu la pamoja. Juma hili tunawapa habari zake zote, za kuchekesha na za ile siku tuliyokaribia kumuua.

Aliletwa ndani ya kikapu cha ndagala, masikio makubwa kuliko kichwa, tumbo limejaa minyoo. Tulimwita Watasema kwa sababu tulijua watu watasema: wanawake hawa wanapata wapi chakula cha kumpa mbwa? Na kweli walisema. Wenzetu Waislamu ndio waliotutetea, wakasema mbwa wa kulinda shamba hana ubaya, mradi alale nje na awe na bakuli lake.

Tangu udogo alikuwa na tabia zake. Aliiba kandambili, lakini ya mguu wa kushoto tu. Alimwogopa mbuzi wa jirani hata akiwa amefungwa. Tukienda ziwani kufua, alibwekea mawimbi mpaka maji yakamwingia puani, akapiga chafya, akaanza tena. Kengele ya kanisa ikilia, naye alilia kwa sauti ndefu, na watoto wakasema anaimba.

Alipofika miezi sita tulianza kumpeleka shambani. Siku za kwanza alifukuza kuku, akatufukuza na sisi. Kisha akaelewa adui ni nani. Ngedere akishuka kwenye mahindi, Watasema habweki kwanza. Analala chini, anangoja, halafu anaruka. Mnakumbuka zamani tulivyowaacha watoto shambani kufukuza ngedere wakati wenzao wako darasani? Sasa watoto wetu wanasoma. Hilo peke yake lilitosha kumlipia chakula chake.

Halafu ikaja siku ile. Alikuwa anakula, mtoto wa mwenzetu akamvuta mkia, naye akageuka akamwuma mguuni. Damu ikatoka. Mmoja wetu akakimbilia mafuta ya taa, mwingine majani ya kupaka. Wanaume waliokuwa karibu wakachukua fimbo: mbwa huyu auawe sasa hivi.

Mama mmoja mzee kati yetu akasimama mbele ya mbwa. Akasema: “Mkimuua leo, kesho mtajuaje kama alikuwa mgonjwa?”

Hapo tukanyamaza. Ndugu zetu, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinazuilika. Tuliosha kidonda cha mtoto kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 nzima, bila kupaka kitu kingine. Kisha mama yake akapanda pikipiki na mtoto kutafuta sindano ya chanjo siku ileile. Kituo cha kwanza hakikuwa nayo. Akaendelea mbele mpaka akaipata.

Watasema tulimfunga kwa kamba chini ya mwembe, tukamwangalia kwa siku 10. Mbwa aliyeuma akiwa tayari na kichaa mateni, kwa kawaida ndani ya siku hizo ataugua au kufa. Kila asubuhi tulikwenda kuchungulia kwa mbali. Anakula? Anakunywa? Sauti yake ni ileile? Anatokwa na ute? Mama wa mtoto ndiye aliyefika wa kwanza kila siku, na hatukuthubutu kumwuliza anaombea nini. Siku ya 10 Watasema alikuwa mzima, anatikisa mkia, ameitafuna nusu ya kamba. Mama yule alikaa chini akalia.

Kosa lilikuwa letu. Mbwa anaweza kuchanjwa tangu miezi mitatu, kisha kurudiwa kila mwaka. Sisi tulisema pesa hazipo. Baada ya siku zile 10, sanduku la AVEC lilifunguliwa bila mtu kubisha, na Watasema akachanjwa. Sasa anakula amefungwa, na hakuna mtoto anayemsogelea mpaka amalize.

Kuna watu waliotuambia mbwa mtundu hafai kitu. Tuwasimulie habari ya Togo, mbwa wa kuvuta gari la theluji huko Alaska. Alipokuwa mdogo alikuwa mgonjwa na msumbufu, mwenye naye akamtoa kwa watu. Togo akaruka dirishani, akavunja kioo, akarudi nyumbani. Mwaka 1925 mji wa Nome ulipatwa na dondakoo, ule ugonjwa unaoziba koo la mtoto. Mbwa wapatao 150, kwa kupokezana, walibeba dawa zaidi ya kilomita 1,000 kwenye baridi kali, na Togo, akiwa na miaka 12, aliongoza kipande kirefu kuliko vyote. Leo watoto wetu wanakingwa na dondakoo kwa chanjo za majuma 6, 10 na 14. Mama ambaye hajampeleka mtoto, asingoje mbwa amletee dawa.

Basi, kila kikundi chenye mbwa kifanye mambo mawili juma hili. Kwanza, ulizeni kwa mganga wa mifugo chanjo itapatikana lini, mwanze kuweka pesa kidogo kidogo. Pili, wafundisheni watoto wasimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, na wakiumwa hata kidogo waseme siku hiyohiyo, bila kuogopa kupigwa. Mtoto anayeficha kidonda ndiye tunayempoteza.

Watasema anawasalimu. Mwenye kandambili ya kushoto iliyopotea, aje aitafute chini ya mwembe. Tukutane juma lijalo.