Shikamoo Peke Yake Haitoshi

Sisi watu wa Kigoma na Ujiji tumelelewa kwa adabu. Mtoto akipita mbele ya mzee bila kumwamkia, atasikia sauti ikimwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Na kabla ya magharibi habari zake zitakuwa zimekwisha kufika nyumbani. Adabu hii ni njema, wala siandiki makala haya ili kuipunguza. Nasema tu kwamba wengi wetu tumeifanya kuwa mwisho wa wajibu wetu. Twatoa shikamoo, twapokea marahaba, twaenda zetu, tukidhani kwamba deni limelipwa.

Nitatoa ushahidi wa nyumbani kwetu. Bibi yangu anakaa Ujiji, na kwa miaka mingi alikuwa akiuza mawese na dagaa barazani. Ikafika wakati akaanza kukosea chenji. Baadaye akawa hatoki nje usiku, kisha akajikwaa kizingitini akaumia mkono. Sisi wajukuu tulisema, "Bibi amezeeka." Kila asubuhi tukienda shule tulimwamkia, naye alimwitikia kila mmoja wetu kwa jina lake. Mambo yakaendelea hivyo kwa muda wa miaka miwili.

Siku moja mjomba alikuja kutoka Mwanza, akamwona akipapasa kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Alimpeleka hospitali, na huko wakaambiwa kwamba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Akapasuliwa jicho moja kwanza, na la pili baadaye. Alipoondolewa kitambaa cha jicho alinitazama sana, kisha akasema, "Kumbe umekuwa mrefu namna hii!" Ndipo nilipofahamu kwamba muda wote ule alikuwa akitutambua kwa sauti tu. Tulikuwa tumemwamkia mamia ya mara, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama anatuona.

Kosa letu lilikuwa katika maneno mawili: "amezeeka tu." Maneno haya huwaumiza wazee wengi. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi ya jicho. Hauondoki kwa matone wala kwa dawa ya mizizi, bali kwa upasuaji, ambao mara nyingi hauchukui hata saa moja. Kadhalika shinikizo la damu laweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonyesha dalili, mpaka siku mzee aanguke na upande mmoja wa mwili ufe ganzi. Kisukari nacho huanza polepole. Uzee si ugonjwa; lakini ugonjwa hupenda kujificha nyuma ya uzee, na sisi ndio tunaoufichia.

Tena liko jambo zito zaidi, nalo yatupasa kulisema bila kuona haya, maana ni la mkoa wetu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2014, katika kijiji cha Murufiti huko Kasulu, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakisingiziwa uchawi. Polisi walieleza kwamba watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Mauaji ya namna hii yametokea pia katika mikoa mingine ya magharibi na kanda ya Ziwa Victoria, na mara nyingi aliyeshukiwa ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Jamani, mwanamke aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu utoto wake, macho yake yatakuwa na rangi gani? Wekundu ule ni wa moshi. Ni moshi wa chakula alichowapikia watoto walewale ambao leo wanamnong'ona.

Sisi wanafunzi tusidhani kwamba mambo haya ni ya watu wasiosoma. Nimesikia kwa masikio yangu wenzangu waliovaa sare ya shule wakimwita bibi mmoja wa jirani "mchawi", kwa kuwa anaishi peke yake na huzungumza na kuku wake. Mtu asiye na wa kuzungumza naye atazungumza na nani? Kumwita mtu jina lile ni mchezo hatari. Neno huanza katika vinywa vya watoto, likafika kilabuni, na mwisho wake aujua Mungu.

Najua yatakayosemwa kunijibu. Wa kwanza atasema, "Wazee wana watoto wao." Ni kweli wanao. Lakini wengi wamekwenda Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko kutafuta riziki, na wengine wamewaachia wazee wajukuu wa kulea. Na maji ya Ziwa yalipopanda kuanzia mwaka 2020 yakaingia katika nyumba za pwani yetu, kijana aliweza kujitwika godoro lake akahama. Mzee asiye na mtu alihitaji jirani.

Wa pili atasema, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Serikali inayo sehemu yake, na ni haki kuikumbusha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, ikaagiza kwamba wazee wasiojiweza watibiwe bure. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwezi wa Aprili mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alipata kuajiriwa au hakuajiriwa kamwe. Sisi wa Bara hatujafika hapo kwa wazee wote, na natumaini tutafika. Lakini haki iliyoandikwa katika karatasi haitembei yenyewe mpaka nyumbani kwa mzee. Lazima awepo mtu wa kumweleza, wa kumjazia fomu, na wa kumshika mkono mpaka dirishani.

Wa tatu, ambaye huenda ni mzazi, atasema, "Watoto wako shuleni kusoma." Nami namjibu kwa heshima kwamba tumefundishwa kusoma ili tusome kitu. Tukisoma kadi ya dawa ya mzee asiyeona maandishi, tukamweleza kwamba kidonge hiki ni cha asubuhi na kile ni cha usiku, hapo elimu yetu imefanya kazi.

Basi natoa shauri kwa Mwalimu Mkuu na kwa wanafunzi wenzangu. Kila darasa lichukue mtaa mmoja ulio karibu na shule, likapate kwa mwenyekiti wa mtaa majina ya wazee wanaoishi peke yao. Kila Jumamosi wanafunzi wanne, wavulana na wasichana, waende kwa zamu. Kwanza, wateke maji na kupasua kuni. Pili, waondoe mawe na mizizi njiani na kuangalia kizingiti, maana mzee akivunjika nyonga huenda asisimame tena. Tatu, waulize habari za macho, za usingizi na za dawa, na wakiona jambo wamwarifu mwalimu au mhudumu wa afya. Nne, wakae, wazungumze. Hili la nne lisionekane dogo. Upweke humkondesha mtu hata chakula kikiwepo.

Wala hatutarudi mikono mitupu. Wamo katika wazee hao wavuvi waliovua dagaa kwa taa za karabai, wajuao pepo za Ziwa, na wamo waliosafiri na Liemba mara nyingi kuliko tulivyopanda basi. Mambo hayo hayamo katika vitabu vyetu vya darasani.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani. Ni vema kuiadhimisha, lakini tusiingoje. Kesho asubuhi, ukiisha kuitikiwa marahaba, usiondoke upesi. Simama kidogo, uulize: "Bibi, waniona?"

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu