Msiseme Kwetu Hatupendi Kusoma

Mwaka jana nilikuwa kwenye semina moja ya elimu. Mtoa mada akasema, kwa utulivu wa mtu anayetangaza hali ya hewa, kwamba wazazi wa vijijini huko Kagera hawana utamaduni wa kusoma, ndiyo maana watoto wao hawasomi. Tukaitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu nimezaliwa Ngara, na aliyenifanya nipende kusoma ni bibi yangu ambaye hakuweza kusoma.

Niseme vizuri: aliwahi kuweza. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mkoa wetu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa tayari ndani ya mradi wa kisomo chenye manufaa ambao UNESCO ilianza kuusaidia Kanda ya Ziwa mwaka 1968. Watu walitoka shambani wakaenda darasani wakiwa na udongo miguuni. Gazeti lao lilikuwapo pia, Elimu Haina Mwisho, likitoka Mwanza kwa ajili ya wakulima waliokwisha kujua kusoma, ili wasisahau. Bibi alihudhuria darasa hilo. Alijifunza kuandika jina lake na kusoma sentensi fupi fupi. Kisha darasa likafa, magazeti yakaacha kufika, na kwa miaka mingi herufi pekee zilizoingia nyumbani kwake zilikuwa za kwenye mfuko wa chumvi na kadi ya kliniki. Kusoma kukamtoka taratibu, kama lugha usiyekuwa na mtu wa kuiongea naye.

Sasa hapo nani hakupenda kusoma?

Nilipokuwa darasa la tatu, simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, na mjomba aliyekuwa Mwanza alituandikia barua. Bibi alizihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai. Jioni, maharage yakiwa jikoni, alinipa barua nisome. Nilisoma kwa Kiswahili, yeye akisikiliza huku anachochea kuni. Halafu anasema kwa Kihangaza: haya, niambie amesema nini. Nikimweleza vibaya alijua mara moja, maana anamjua mwanawe. "Hawezi kusema hivyo. Rudi pale kwenye mvua." Narudi kwenye mvua. Ananiuliza: unadhani kwa nini hajataja habari za mkewe? Sikuwa nimeona kwamba hajamtaja. Mtoto wa miaka tisa nikaanza kutafuta ndani ya barua kile ambacho hakikuandikwa.

Shuleni tulikuwa na Tujifunze Lugha Yetu, kitabu kimoja watoto sita, na kazi yetu ilikuwa kusoma kwa sauti bila kukwama. Ukikwama, fimbo. Hakuna aliyeniuliza hadithi inasema nini. Na aliyesikika akiongea Kihangaza alichapwa, hata kama alikuwa anamweleza mwenzake maana ya neno lililo kitabuni.

Ndiyo maana takwimu hazinishangazi. Uwezo, ambao huwapima watoto wakiwa majumbani kwao, walieleza mwaka 2011 kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu nchini, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Watu wakazisoma namba hizo na kuwalaumu wazazi. Lakini mtoto wa Ngara anakwenda shule akiwa na Kihangaza au Kishubi kinywani. Wa Biharamulo ana Kisubi au Kizinza. Kitabu kinamsemesha Kiswahili, fimbo inamkataza kukijibu kwa lugha anayoifikiria, halafu akifika nyumbani mzazi anaambiwa kwamba hana la kumsaidia kwa kuwa hajasoma!

Najua jibu lenu: mtihani wa darasa la saba ni wa Kiswahili, tuwazoeze mapema. Sawa. Lakini bibi hakunizuia Kiswahili. Alinilazimisha kukielewa. Huwezi kumsimulia mtu kwa Kihangaza barua ya Kiswahili ambayo hukuielewa. Utaumbuka kabla maharage hayajaiva.

Kazi za nyumbani ni nyingi, hilo sikatai. Kuna maji, kuna mbuzi, na giza linaingia mapema. Ila kusoma kwangu hakukusubiri kazi ziishe. Kulifanyika pale pale kwenye mafiga.

Kitu ambacho hatuna ni vitu vya kusoma, na vichache vilivyopo vimefungiwa. Nimeingia ofisi ya mwalimu mkuu wa shule moja nikaona vitabu vya hadithi vya msaada vimepangwa kabatini, vipya, vinanukia wino. Kufuli. Nikauliza. Nikaambiwa watoto wataviharibu. Kitabu cha mtoto kisichoharibika hakijasomwa. Afadhali kipotee huko vijijini kikiwa kimepita nyumba kumi kuliko kizeeke kabatini kikisubiri wakaguzi.

Na sisi je? Sisi wenye shahada, tunaopiga picha za vitabu na vikombe vya kahawa, tunaohoji mtandaoni kwa nini Watanzania hawasomi? Desemba tunapanda basi kurudi nyumbani. Tunabeba mikate, sukari, kitenge cha mama, na viatu vya mtoto wa dada. Miaka saba nimekwenda hivyo. Hata kitabu kimoja sikuwahi kubeba, na hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa hakuna aliyetegemea.

Desemba iliyopita nilibeba vitatu, vyembamba, vya hadithi. Dada yangu ameolewa Biharamulo, upande wa Nyakahura, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapopita usiku kucha. Yeye aliishia darasa la saba, na mama mkwe wake hakwenda shule kabisa. Nikamwambia dada asimfundishe mtoto chochote. Amwache asome, kisha amsimulie bibi yake kwa Kisubi, na bibi aulize maswali anayotaka.

Wiki iliyopita amenipigia. Mmoja wa sungura amepoteza kichwa kwa sababu ukurasa umechanika. Bibi mtu amekataa mwisho wa hadithi ya pili, anasema fisi hawezi kusamehewa kirahisi hivyo, na mtoto amelazimika kusoma upya kumthibitishia kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Cha tatu kiko kwa jirani na hakijarudi. Wanataka vingine. Nikasema nitaleta Desemba.

"Kwani basi linakuja huku Desemba tu?" akauliza dada.